Sweta la Liwatoni

Majirani hapa Majengo wananiuliza
kama nimepatwa.
Sweta? Mwezi huu wa Machi,
ukuta wenyewe watoka jasho
na paka kahamia ndani ya karai?
Nawajibu: baridi iko humu humu Mombasa,
ni vile tu hamjafunguliwa mlango wake.

Mlango uko Liwatoni, wa chuma,
mzito kama wa benki.
Nyuma yake nguru wamepangwa kama kuni
na Shaibu wangu anawahesabu
kwa pumzi inayotoka nyeupe.
Kampuni ilimpa koti, koti la mtu mwingine,
mtu wa miraba minne.
Upepo huingilia mikononi, ukatembea ukitakacho,
ukatokea shingoni.
Nguo ya kuazima haisitiri matako;
hii imeshindwa hata na kifua.
Usiku akikohoa, namhesabia.

Basi nikenda Barabara ya Biashara
nikanunua madonge sita ya sufu,
rangi ya maji ya kunde.
Matano ni ndugu. La sita, muuzaji aliapa ni lile lile,
kumbe la kambo, kunde zilizozidi moto.
Nimelificha makwapani.
Atakayeliona ni yule tu
atakayemwona Shaibu akisalimu amri.

Vipimo nilivichukua kalala,
kwa uzi, nikifunga mafundo.
Kifua, fundo. Mkono, fundo.
Nilipofika begani nikasita.
La kushoto limeshuka.
Miaka kumi na minane kitanda kimoja
na sikuwahi kuliona;
makreti yameliinamisha kidogo kidogo
kama ubao wa kabati chini ya sufuria.
Upande ule nikaupunguza safu mbili.
Dukani hawafanyi hivyo. Dukani
hufuma bega moja mara mbili.

Nafuma baada ya alfajiri, kabla joto halijaamka,
vidole nimevipaka poda ya mtoto
uzi usinigande.
Kitanzi wima, kitanzi kinyume,
ndivyo pindo la mkono linavyofunzwa adabu:
lifunguke kiganja kipite,
kisha lishike.

Mara ya kwanza kichwa hakikupita.
Shaibu alisimama katikati ya chumba, mikono juu,
akicheka ndani ya sufu
kama mtu aliyetumbukia kisimani.
Nikafumua. Siku nne zikarudi kuwa donge.
Sikulia. Kufuma na kufumua
yametengwa na herufi moja;
aliyeitia hapo alikuwa fundi,
alijua utaipita kwenda
na utaipita kurudi.

Mara ya pili lilimkaa.
Halikumbana, halikupwaya,
kila bega na bega lake.
Alidumu nalo dakika moja,
feni ikihangaika juu yetu,
jasho likamtiririka hadi kidevuni.
Akalivua, akalikunja,
akalitia kikapuni ubavuni mwa chupa ya chai.
Ndipo nilipofahamu: sitamwona nalo.
Nimefuma nguo ya upande wa pili wa mlango.

Juzi hakukohoa hadi usiku wa manane.
Hilo nalo nililihesabu.

Jana akaja na njaa yake, akala,
hakusema asante, si mtu wa maneno.
Ila alitoa mfukoni kamba ya makreti,
yanuka nguru, ina mafundo manne.
"Ya Kalume," akasema. "Ana mikono mirefu."
Nikainyoosha mezani kando ya sahani.
Nikaipima, nikaipima tena.
Mirefu kweli.
"Na mabega yake?"
Shaibu akafikiri, tonge hewani.
"Sijui," akasema.
"Kesho nitamtazama."