Darasa la Usiku, Suncheon

Gu Mal-sun, miaka sabini na mmoja,
vidole bado vinanuka dagaa alioanika mchana,
anauliza: jeomjeom ni neno la nini?
Ni kielezi, nikamwambia. Hakisimami peke yake,
hungoja kitenzi mlangoni
kama mtu aliyeshika mwavuli wa mwenzake.

"Kwani jeom si nukta?"
Akatia moja, akatia ya pili.
"Basi ni nukta, nukta, mpaka ukurasa uwe mweusi."

Sivyo, ingawa nilitamani iwe hivyo.
Asili yake ni maji,
yale yanayopenya kitambaani kuanzia ukingoni:
huoni yanapopita,
unaona tu palipokuwa pakavu.

Nikampa zoezi, sentensi tatu.
"Goti langu jeomjeom linauma."
"Bei ya chumvi jeomjeom inapanda."
Nikacheka. Neno hili ni la kukua, mama,
jaribu kitu kizuri.
Akanitazama. "Na maumivu hayakui?"

Nikafuta ubao
ambao haukuwa na kitu.

Ya tatu ilimchukua nusu saa, ulimi nje,
herufi zikipanda mlima juu ya mstari ulionyooka:
"Jina la mume wangu, pale kwenye jiwe,
jeomjeom nalisoma."

Miaka kumi na tisa amelipangusa jiwe lile
kwa kitambaa, kama meza.

Kisarufi amekosea. Kusoma peke yake hakuzidi,
panatakiwa kitenzi cha kugeuka, cha kuwa.
Nilikwisha kufungua kalamu nyekundu.
Nikaifunga.