Zamu ya Usiku, Mutungo

Mimi huyu nalinda mashimo.
Si benki, si duka la simu, si ua wa tajiri:
mashimo manne yenye kamba, nyuma ya kituo cha mafuta,
na turubai lililobanwa kwa matofali.
Nyumbani nikiulizwa nalinda nini
naona haya, nasema: mali ya serikali.

Kiswahili changu ni cha kambini.
Mtaa huu ukikisikia usiku hufunga madirisha,
wazee wanakumbuka buti, wanakumbuka "fungua mlango!"
Sijawahi kukitumia kwa upole
mpaka nilipokabidhiwa vigae hivi.

Dada Kyomuhendo, yule wa makumbusho,
huja asubuhi na mswaki mkononi, anasugua ardhi
taratibu, kama anayemwogesha mtoto mwenye homa.
Alinionyesha kitako cha chungu.
Katikati pana kibonyeo, cha kuenea ncha ya kidole.
"Huyu," akasema, "alikuwepo kabla ya kabaka wa kwanza,
kabla ya jina la kilima, labda kabla ya matoke."
Nikauliza alikuwa nani.
Akasema: "Wa hapa."

Wa hapa!
Na mimi, miaka kumi na saba Kampala,
bado naulizwa kwetu ni wapi.

Kule bondeni, penye gereza la Luzira,
wafungwa wa zamani walifukua kichwa cha udongo.
Kikavushwa bahari, kipo London ndani ya kioo,
hakina hukumu wala siku ya kutoka.
Aliponieleza nilicheka,
kisha sikucheka.

Jumanne lilikuja gari lisilo na vumbi.
Bwana Kibuule, mwenye kiwanja, ana ramani ya ghorofa saba
na tingatinga la kukodi kwa saa.
Bahasha. "Afande, wewe lala tu mapema.
Vyungu vyenyewe vibovu. Hata waliovifinyanga walivitupa."

Hilo la mwisho lilinichoma kwa kuwa ni kweli.
Ni jalala ninalolilinda: mifupa ya samaki, majivu,
chungu alichokiangusha mtu, mama yake akamfokea.

Bahasha nilipokea. Niseme uongo wa nini?
Karo ya Nabwire imelipwa, risiti ninayo.
Lakini saa nane za usiku tingatinga lilipokuja likiunguruma
lilinikuta katikati ya lango,
na Kiswahili kile cha zamani kikanitoka chenyewe:
"Simama! Zima taa! Rudi nyuma!"
Dereva alirudi kinyumenyume mpaka barabara ya lami.

Sasa nangoja. Kibuule atanidai,
ila sijui ataanzia wapi; hongo haina stakabadhi.
Kiwanda cha bia kinapumua huko chini.
Nimeinua turubai, nimekishika kile kitako.
Siku ya kuandikwa kazi sikutia sahihi,
nilichovya dole gumba kwenye wino.
Dole hilohilo nalitia kibonyeoni.
Halienei. Lake lilikuwa dogo,
la mwanamke, au la mtoto aliyekuwa akijifunza
na udongo bado ukimshinda.

Nakirudisha ndani ya mistari ya uzi, palepale.
"Lala," namwambia, kwa lugha asiyoijua.
"Zamu ni yangu."