Sekunde Saba

Hospitalini tulijaribu mara tatu.
Ya kwanza, punda akalia chini ya dirisha.
Ya pili, jenereta ikaamka.
Ya tatu, mtoto wa watu akachomwa sindano chumba cha pili
na kilio chake kikaingia kwenye kipimo, kikahesabiwa changu.
Kadzo akacheka, akafuta.
"Mwalimu Barke, mji huu hauna kimya?"
Nikamnong'oneza (siku hizi nanong'oneza kila kitu):
kipo. Kipo Mkomani, nyumbani kwa nyanya yangu,
nyuma ya kuta zenye unene wa dhiraa.

Basi tumekuja, na kompyuta, na maikrofoni, na rula.
Rula ya kupima kutoka mdomo wangu:
sentimita thelathini, isizidi, isipungue,
kama kitambaa cha mteja mkorofi.
Kadzo ameketi chini ya zidaka. Ni tupu.
Sahani ziliuzwa mwaka wa ada ya kaka yangu,
moja moja, kubwa kwanza.
"Chumba kizuri," asema, "hakina mwangwi."
Nimezaliwa humu. Kilio changu cha kwanza,
kama kimesalia popote, kimo ndani ya chokaa hii,
na hakuna aliyekipima.

Vuta pumzi. Sema aaa. Usiache hadi iishe.

Aaa yangu yaanza kama kitasa chenye kutu,
yafunguka, yayumba, na kando yake unapita upepo:
ndiyo hewa inayovuja, asema, nyuzi hazikutani.
Halafu imekwisha.
Sekunde saba.
Mwenye afya hufika kumi na tano, ishirini.
Naomba kurudia, vile wanafunzi wangu
waombavyo karatasi nyingine.
Sita na nusu.

Anaandika. Ukwaruzo, mbili. Pumzi, mbili.
Unyonge, sifuri. Mkazo, tatu,
na tatu ndiyo mwisho, hakuna nne.
Miaka ishirini na sita natoa alama,
leo nimepata za juu pale zisipotakiwa.
Watoto sabini na wawili, paa la bati, mvua,
kinu cha mahindi ng'ambo ya ua:
sauti niliitumia kama maji ya mfereji wa jirani.

Kuna na maswali. Sifuri ni kamwe, nne ni daima.
Je, watu hukuuliza sauti imepatwa na nini? Nne.
Je, hukwepa simu? Nne.
Je, sauti yako hukufanya ujione huna thamani?
"Swali hili limetungwa na nani?"
"Limetafsiriwa, mwalimu."
Weka mbili. Weka mbili, tuendelee.

Hawakuuliza habari ya wikio,
nilipokuwa nikimwita Zena wa ng'ambo aniazime mbuzi ya nazi
na jina lake likafika kabla sijalimaliza.
Sasa nagonga ukuta kwa kijiko.

Mwisho ni kusoma. Karatasi yasema:
*Njoo, mwanangu. Fungua macho. Jua limetoka leo.*
Njoo inakwama. Macho inakwaruza.
Mstari kwenye skrini unachanika kama leso kuukuu.
Na sijui kwa nini, labda ni hizi kuta,
narudia bila kuambiwa, vile nyanya alivyotuamsha humu:

*Ndoo, mwanangu. Fungua mato. Yua limetoka yeo.*

Haikuwa safi. Sisemi ilikuwa safi.
Ila Kadzo, mtu wa Kaloleni, ameinua kichwa,
na mstari umetulia kidogo, umekuwa uzi.
"Hii haimo kwenye fomu," asema.
Lakini hakuifuta. Ameiandika: Barke, ya pili.

Kisha amri. Wiki sita bila kupaza.
Maji. Kengele ya mkononi darasani.
Mombasa, kwenye kamera ya koo.
"Na usinong'one. Kunong'ona kunaumiza zaidi."
Basi nifanyeje?
"Nyamaza," asema, huku akiviringisha waya.

Ukutani, kijiko. Mara tatu: Zena,
mbuzi iko tayari.
Nami nikagonga mara mbili.