Pete ya Tisa

Ubaruku, trekta limezama hadi ekseli.
Mwalyego anapitisha kidole gumba, pete kwa pete,
kama anayesaka chawa kichwani mwa mtoto.
Ya tisa ina ufa, unywele tu.
Mnyororo mzima anautupa kando.

"Mpunga unangoja."
"Ungoje."

Anafunga mwingine, chini kabisa, kwenye chuma cha kuvutia,
katikati anautwika gunia la mchanga mbichi:
ukikatika, uanguke palepale, usiondoke na mtu.
Sote nyuma ya tuta, hata mwenye shamba.
Klachi taratibu. Mnyororo unakaza,
tope linameza mate,
linatema tairi.

Nainama kuuokota ule wa zamani, chuma ni hela.
"Uache,"
asema, mkono ukipapasa
pale lilipokuwa jicho.