Wageni Waalikwa

Tangazo limebandikwa kando ya dirisha la tiketi,
juu ya ratiba ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyejali kuibandua:
Wizara ya Uchukuzi inawakaribisha waendeshaji binafsi
kuhudumia abiria, Vidin hadi Sofia,
miaka kumi na miwili, zabuni zifungwe kwa lakiri.
Nimelisoma mara mbili kwa sauti
kwa sababu Genadi muuza asali kasahau miwani,
na mara ya tatu kimyakimya, kwa ajili yangu.

Inawakaribisha.
Neno la arusi hilo.
Nimekata tiketi njia hii miaka ishirini na sita
na hakuna aliyenikaribisha popote
ila Tsonka wa kantini, kwa supu ya maharage,
nayo alinidai.

Sisemi serikali ilikuwa mama.
Mama gani huacha behewa la tatu bila joto
Januari nzima, wanafunzi wakitoa mvuke puani
kama ng'ombe zizini?
Choo tumekifunga kwa waya tangu uchaguzi uliopita.
Kuchelewa kwetu ni kwa uhakika mno,
hata watu huteleka kahawa ya pili wakikutegemea.

Kwa hiyo walipokuja wale watatu, siku ya Jumanne,
makoti mazuri, viatu visivyojua kokoto za reli,
niliwapangusia viti.
Mmoja alikuwa na kidude cha kuhesabia,
cha kubofya kwa dole gumba.
Tik. Tik. Kumi na mmoja tangu Mezdra.
"Kumi na mmoja tu, Bibi Zdravka?"
Njoo Ijumaa jioni, bwana, nikamwambia,
uwaone wamekalia mabegi hadi mlangoni pa choo kile kile.
Akaandika: Ijumaa.
Akaweka alama ya kuuliza.

Tulipopunguza mwendo penye kibanda cha matofali
kisicho na jina tena, maana herufi zake ziliibwa
zikauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu,
akauliza, hapa hushuka nani?
Hapa hupanda Raina Valkova.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
kwenda hospitali ya Vratsa kusafishwa damu.
"Mtu mmoja?"
Mmoja. Na sindano zake za kufumia.

Nilimwona akipiga hesabu usoni,
breki, umeme, kuondoka tena,
na sikumchukia; ndio ugali wake.
Usiku nami nikaketi na kalamu:
dakika mbili kwenda, mbili kurudi,
mara tatu kwa wiki, mara wiki zote za mwaka.
Saa kumi na dakika ishirini na nne.
Hiyo ndiyo bei ya Raina.
Nimewahi kusubiri zaidi ya hapo
fundi wa wizara aje kubadili balbu.

Mgeni siku mbili; ya tatu, mpe jembe.
Hawa tutawapa koleo,
maana theluji ikijaza njiapanda ya reli saa kumi alfajiri
haiulizi mwenye treni ni nani.
Wakiishika, nitawaita wenyeji.
Wakiwasha joto behewa la tatu,
nitavaa hata kofia yao, iwe ya rangi yoyote.

Leo bahasha zimefunguliwa.
Redio imesema mbili.
Moja haikuwa na lakiri, ikatupwa.
Mpwa wangu kanitumia picha ya ile iliyobaki,
kiambatisho cha saba, orodha ya vituo.
Nimeshuka nayo kwa kidole, pole pole,
kama mtu atafutaye jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani.
Kibanda chetu kimo.
Pembeni pake pana kinyota kidogo.

Nimetafuta chini ya ukurasa kinyota kile kinasema nini.
Nimetafuta ukurasa unaofuata.
Hakuna.

Kesho ni Jumatano.
Nimemwambia Plamen, dereva,
afunge breki mapema, na taratibu:
Raina hawezi tena kukimbia.