Kidole cha Shahada

Ule mtaro wa Buguruni hauna mfuniko.
Fimbo yangu iliuliza kushoto, jibu lilikuwa kulia,
na mfupa wa kigasha ukasema kabla yangu:
ta.
Amana wakanivisha hogo wiki sita.

Umeunga. Dokta Nkya kaigonga picha kwa kalamu,
"Umepinda kidogo, Mwalimu, lakini umeunga."
Ila pale kwenye kifundo cha mkono
kuna kimlango mshipa wa fahamu hupitia,
na kimlango kimesongwa
kama maduka ya Kariakoo mkesha wa Idi:
wote wamo ndani, hakuna anayepita.

Saa nane usiku mkono unajaa soda.
Naukung'uta gizani
(si kwamba giza linanihusu)
mpaka Tausi anageuka: "Tena?"
Tena.

Dole gumba, ganzi. Shahada, ganzi. Cha kati, ganzi.
Cha pete, upande mmoja karibu,
upande wa pili hodi haijibiwi.
Cha mwisho tu ndicho kizima,
kinahesabu hata chembe za chumvi.

Na shahada ndicho kilichonisomesha.
Miaka thelathini na moja kinatembea juu ya nukta nundu
kikinishuhudia: hapa sentensi imeisha,
hapa Sikudhani kasahau tena h ya "habari".
Jana nilikiweka juu ya daftari lake,
karatasi ikawa laini kama kaunta ya benki.
Shahidi kapanda kizimbani,
kanyamaza.

Sikumwambia mtoto.
Nikasema, "Hebu nisomee mwenyewe, nisikie."
Akasoma bila kukwama, h zote mahali pake.
Kasoma alichoandika,
au alichojua ningetaka kusikia?
Sikuwa na ushahidi.
Nikampa tisini.

Tarehe ya kupasuliwa ni mwezi ujao.
Watakata utepe, kasema Dokta, kimlango kipumue;
hakuahidi kwamba wote watarudi.

Basi alfajiri, kabla ya chai,
kidole cha mwisho kinaanza chekechea.
Kizembe hiki, maisha yake yote
kazi yake kuning'inia pembeni ya kikombe.
Kinapanda mstari, kinateleza, kinapotea
kwenye ukingo wa ukurasa, nakirudisha.
Nukta moja. Juu, kushoto.
Tausi anauliza nasoma nini.
A, namwambia.
Nadhani ni a.