Mkono wa Pili

Vardø, wiki ya mwisho ya Novemba.
Jua limeshatuaga; litarudi Januari likipenda.
Ragnfrid aliingia dukani kwa Halvard
na nusu ya pichi ya kopo ndani ya mfuko wa nailoni,
shira ikimdondokea kiatuni,
akasema: Nataka hii. Siyo ndugu yake. Hii.

Halvard alichanganya mara nne.
Ya kwanza ilitoka kama jaketi la uokozi,
ya pili kama plasta ya kidonda,
ya tatu niliipenda mimi, ila sikuulizwa.
Ya nne Ragnfrid aliinusa kwanza, ndipo akalipa.

Miaka thelathini na sita jiko letu lilikuwa jeupe.
Nyeupe, nilimwambia, haimkosei mtu.
Akanijibu huku anakata utepe kwa meno:
Wala haimkaribishi.

Tulisugua kwa msasa siku mbili.
Vumbi likatua kwenye siagi, kwenye nyusi,
kwenye picha ya binti yetu Oddrun aliyehamia Bergen
na ambaye simu zake siku hizi huanza na "nina haraka".
Nyuma ya friji tukakuta alama za penseli, urefu wake:
miaka minne, mitano, saba.
Wa sita tulisahau.
Ragnfrid akazizungushia utepe, mraba mwembamba.
Hapo rangi isipite.

Mkono wa kwanza ulikauka vibaya:
madoa, michirizi, wekundu wa samaki aliyesahauliwa gatini.
Nimetumika kiwandani miaka ishirini,
samaki huyo namjua. Nikacheka,
na kicheko changu hakikupata mwenzake.
Yeye alikuwa amekaa juu ya ndoo,
amelishika bega la kulia
kama mtu anayeuzuia mlango usifunguliwe na upepo.
Tangu operesheni, mkono ule haupandi kupita kidevu.
Alikuwa amepaka hadi hapo, ukuta mzima,
na juu yake weupe umebaki,
mstari umenyooka kama maji ndani ya beseni.

Sikusema kitu. Mimi si mtu wa maneno,
waulize wenzangu wa zamu ya usiku.
Nilichukua rola, nikaichovya, nikaikamua,
nikaanzia alipoishia.

Usikandamize, akasema. Unapaka, hupigi deki.
Rudi pale, umeruka.
Umeruka tena.

Saa nane mchana, nje giza totoro,
theluji ikipita dirishani kwa ubavu,
tukawasha taa ya meza, ile moja.
Na ukuta ukaanza.
Sijui niseme ulifanya nini. Kuwaka haukuwaka.
Ulikuwa kama kiganja
ukikikinga mbele ya balbu:
unaona kuna damu ndani, na inatembea.

Jirani yetu Ingolf alikuja kuazima bisibisi.
Siku zote husimama mlangoni, buti miguuni.
Safari hii akavua buti.
Akala pichi zilizobaki, kopo zima, kwa uma,
akamtaja marehemu mkewe kwa jina,
jambo ambalo hajalifanya tangu mazishi,
kisha akaenda zake. Bisibisi ikabaki mezani.

Ragnfrid anasema sasa ni zamu ya chumba cha kulala.
Nimemkumbusha kwamba nyeupe haimkosei mtu.
Amenipa brashi ndogo, ya kona.